Kadi ya jengo la ukingoni: shajara ya mradi

4 Februari

Leo tumekubaliana jambo litakalobeba mradi mzima: tutatengeneza kadi ya kupimia jengo kongwe lililo ukingo wa maji, ambayo kamati ya mji wowote inaweza kuijaza kabla hajatamka mtu "lihifadhiwe" au "livunjwe". Karatasi moja, pande mbili. Hatutaki kitabu, maana vitabu vipo na maazimio yapo: Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, Mkataba wa Burra wa mwaka 1979, Pendekezo la UNESCO la mwaka 2011 kuhusu mandhari ya kihistoria ya miji. Wataalamu wanayajua. Lakini mjumbe anayeketi kwenye kikao, huku mwekezaji amemtandazia michoro ya rangi na upande wa pili wazee wameshika picha za zamani, hana karatasi ya kumwongoza aanze kuuliza nini na amalizie na nini.

Tupo wanne: mhandisi wa miundo, mwanahistoria, fundi mwashi mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee, nami ninayeandika. Tutachukua miji ambayo imekwisha kuamua, tuangalie uamuzi ulizaa nini, kisha tutafute swali ambalo lingefaa kuulizwa mapema.

Rasimu ya kwanza ya kadi ina vichwa vinne: umri, uzuri, historia, gharama. Naviandika hapa ili mabadiliko yatakayokuja yaonekane.

11 Februari

Mzee ameisoma rasimu, akaiweka chini. "Mbona hamjauliza maji yanapitia wapi?"

Kikao chote kimeishia hapo, na kimestahili. Alichotueleza ni hiki. Ukuta wa kale wa mawe au matofali uliojengwa kwa chokaa hunywa maji na kuyatoa. Karibu na bahari maji hayo yamebeba chumvi. Unyevu hupanda kutoka chini kupitia vitundu vidogo vya jiwe, ukifika mahali penye upepo unakauka, na chumvi inabaki pale pale ikijijenga kuwa fuwele. Fuwele zikikua husukuma, jiwe linapukutika vumbi. Chokaa ikiwa laini kuliko jiwe, ndiyo inayoumia kwanza, na chokaa hubadilishwa. Ndiyo kazi yake: ife yenyewe, jiwe libaki.

Sasa akija mtu akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta huo, kwa nia njema kabisa ya kuuimarisha, unyevu hauna tena pa kutokea. Unapanda juu zaidi, au unatokea ndani, au unakaa nyuma ya lipu hadi lipu ibanduke ikiwa imeshika uso wa jiwe. Mhandisi akaongezea upande wa vyuma: chuma kikishika kutu huvimba mara kadhaa ya ujazo wake, na kikiwa kimezikwa ndani ya zege au jiwe, kitapasua kilichokizunguka. Kwa hiyo majengo mengi yanayoitwa "yamechoka" hayakuchoshwa na umri. Yalizibwa pumzi na ukarabati wa miaka ya karibuni.

Venice ndio mfano tuliouchukua. Waashi wa kale wa mji ule waliweka jiwe la Istria chini ya kuta, jiwe gumu lisilopitisha maji kirahisi, kisha juu yake ndipo wakapandisha matofali. Hesabu yao ilikuwa sahihi kwa bahari ya zama zao. Tangu hapo bahari imepanda na mji wenyewe umedidimia, maji yanavuka jiwe na kuyafikia matofali. Tarehe 12 Novemba 2019 maji yalifika sentimita 187 juu ya alama ya sifuri ya mji, pungufu kidogo ya yale ya mwaka 1966 yaliyofika 194. Malango ya MOSE, yaani malango ya chuma yanayoinuliwa kuzuia bahari isiingie wangwani, yaliinuliwa kwa mara ya kwanza kuzuia maji makuu tarehe 3 Oktoba 2020. Yanazuia mafuriko, lakini hayawezi kuitoa chumvi ambayo tayari imo ukutani.

Kichwa cha kwanza cha kadi kimebadilika. Sasa kinasema: Maji. Yanaingia wapi, yanatoka wapi, na nani aliziba njia.

20 Februari

Bergen, Norwei. Safu ya Bryggen, majengo ya mbao ya wafanyabiashara mbele ya bandari, imo katika Urithi wa Dunia tangu 1979. Nilidhani ingekuwa habari ya moto, maana safu hiyo iliungua mwaka 1702 ikajengwa upya kwa mpango ule ule, na sehemu nyingine ikateketea mwaka 1955. Moto umo, lakini somo lenyewe liko chini ya ardhi.

Pale palipoungua mwaka 1955 baadaye pakajengwa hoteli. Kuzunguka msingi wake palipigiliwa ukuta wa mabamba ya chuma na kuwekwa njia za kutoa maji. Maji ya ardhini yakashuka hadi chini ya majengo ya jirani, ambayo hakuna aliyeyagusa. Sasa, mbao na mabaki ya kale yaliyozama ndani ya udongo wenye maji hudumu karne na karne kwa kuwa hewa haifiki na vimelea vya kuozesha haviwezi kuishi. Maji yakishuka, hewa inaingia, kuoza kunaanza, na jengo la juu linadidimia taratibu. Tiba waliyoitumia Bergen nimeipenda sana: wakayazuia maji ya mvua yasikimbilie baharini, wakayapa nafasi ya kunywea ardhini ili kimo cha maji kirudi juu.

Mhandisi ameomba swali hili liandikwe kwa herufi nzito: Jengo jipya la jirani litafanya nini na maji yaliyo chini ya jengo la zamani? Hajawahi kuliona likiulizwa kwenye kikao cha vibali. Kwa kawaida anayeomba kibali huulizwa kuhusu kiwanja chake tu.

Kuna jambo la pili kuhusu Bryggen ambalo mwanahistoria amelishikilia. Mwanzoni mwa karne ya 20 karibu nusu ya safu ile ilibomolewa, pakajengwa nyumba za matofali. Lakini wajenzi walizipa sura za mbele zenye ncha za pembetatu, zikifuata mwendo wa zile za mbao. Leo mtu akisimama ng'ambo ya maji anauona mstari mmoja. Kuvunja kulifanyika, na nadhani kulikuwa na hasara isiyorudi. Hata hivyo umbo la safu lilibaki. Tutahitaji mahali kwenye kadi pa kutenganisha mambo haya: kuta, na umbo.

27 Februari

Zanzibar tulikuwa tumeisogeza mbele mara kwa mara kwa kuwa inauma. Leo tumeifungua.

Beit al-Ajaib, kasri la mbele ya bahari, ilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ikazungushiwa roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma cha kusubu. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, jengo likiwa katikati ya matengenezo, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa iliporomoka, na watu wawili wakafa.

Watu wawili. Nayaandika tena kwa sababu katika mijadala ya urithi tunazoea kuhesabu madirisha na milango iliyopotea kwanza. Jengo kongwe ni mahali pa kazi kwa mafundi wanaolitengeneza, na huwa katika hatari kubwa zaidi wakati ule ule linapoguswa: mzigo unahamishwa, sakafu zinafunguliwa, ukuta uliokuwa umeegemea kitu unabaki peke yake. Mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwamba fundi hodari huanza kwa kuweka mihimili ya kuegemeza, na siku hizo mwenye jengo hulalamika kwamba analipia mbao na haoni kazi.

Kwenye kadi tumeongeza: Jengo litashikiliwa na nini wakati wa matengenezo? Na pembeni yake: Dalili ya kwanza ilionekana mwaka gani, na kazi ilianza mwaka gani? Pengo kati ya miaka hiyo miwili litaieleza kamati mambo mengi bila hotuba.

Sitaki kuiacha Zanzibar bila kutaja mambo mengine mawili. Hatua chache kutoka hapo, upande wa mbele ya bahari, liko jengo la zahanati ya kale ambalo mfanyabiashara Tharia Topan aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1887. Nalo lilikuwa limechakaa vibaya. Katika miaka ya 1990 Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ukalifufua, na roshani zake za mbao zilizochongwa zimesimama. Kwa hiyo hewa ya bahari haipaswi kubebeshwa lawama yote, maana majengo haya mawili yanavuta hewa moja. La pili ni kwamba ule mstari wa mbele tunaoulilia si wa tangu awali. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliharibu majengo ya kasri yaliyokuwa pale, na mnara mpya wa saa uliungwa mbele ya Beit al-Ajaib baada ya hapo. Sura ya mwaka 1897 na kuendelea ndiyo iliyoingia moyoni mwa watu. Nayo inastahili kulindwa vile vile, kwa sababu wameishi nayo vizazi vingi.

8 Machi

San Francisco, kwa ufupi. Jengo la kivuko la mwaka 1898 lilipona tetemeko la 1906, likapoteza abiria baada ya madaraja makubwa kufunguliwa katika miaka ya 1930, kisha barabara ya ghorofa mbili ikapitishwa mbele yake, ikaukata mji na maji. Tetemeko la Oktoba 1989 liliiharibu barabara hiyo, ikabomolewa mwaka 1991. Jengo likafunguliwa upya mwaka 2003, chini soko, juu ofisi.

Ninachokichukua: wakati mwingine kinachopaswa kuvunjwa ni kile kilichojengwa mbele ya jengo la zamani. Kadi ilikuwa inalitazama jengo peke yake. Sasa ina mstari wa kuuliza ni nini kimesimama kati ya mlango wake na maji.

15 Machi

Liverpool imetugawa.

Magati, yaani mabwawa ya kuegeshea meli, pamoja na maghala ya mji ule yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2004, yakawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2012, na Julai 2021 yakaondolewa kabisa kwa sababu ya miradi mikubwa iliyopangwa na kuanza kujengwa ukingoni, ukiwemo uwanja wa mpira juu ya gati la Bramley-Moore lililojazwa kifusi. Kabla yake ni maeneo mawili tu yaliyowahi kufutwa: hifadhi ya choroa wa Oman mwaka 2007, na bonde la Elbe mjini Dresden mwaka 2009 kwa sababu ya daraja.

Mhandisi anasema mji ule haukukosea. Upande wa kaskazini wa magati ulikuwa umekaa tupu miaka mingi, na mahali patupu ndipo chuma hushika kutu na mifereji ya paa huzibwa na majani bila mtu kujua. Uwanja umefunguliwa, watu wanapita tena. Mwanahistoria anamjibu kwamba gati si nyumba pekee; gati ni maji yake. Ukilijaza kifusi ukabakiza ukuta na mnara, umebakiza fremu bila picha.

Mimi niko upande wa mwanahistoria, na naliandika hili bila kusitasita. Angalia Gati la Albert katika mji huo huo: lilifunguliwa mwaka 1846, mpango wa Jesse Hartley, chuma, matofali na mawe, bila mbao katika muundo wake ili lisiungue. Lilifungwa mwaka 1972 likiwa limejaa matope. Wakati ule kulibomoa kulionekana ndiyo busara. Badala yake matope yalizolewa, maji yakarudishwa, na mwaka 1988 likafunguliwa likiwa na jumba la sanaa la Tate ndani yake. Maghala yale yangebaki bila maji mbele yake, sidhani kama yangepata wapangaji. Maji yaliyo wazi ni sehemu ya jengo, na kadi itasema hivyo.

Hoja ya mhandisi kuhusu utupu nayo imeingia. Swali linasomeka: Nani atalitumia jengo hili mwaka ujao? Hatuulizi baada ya miaka kumi, mradi utakapokamilika.

24 Machi

Sydney, mtaa wa The Rocks. Nimeisoma habari hii usiku kucha, na nadhani ndiyo iliyobadilisha kadi kuliko zote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na mpango wa kufyeka nyumba kongwe za mtaa huo ulio kando ya bandari na kusimamisha minara. Wakazi, wengi wao watu wa kipato kidogo, waliomba msaada kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi cha New South Wales, ambacho Jack Mundey alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Wafanyakazi wakakataa kubomoa. Marufuku zao ziliitwa za kijani, na zilishikilia pale ambapo barua za wataalamu zilikuwa zimeshindwa: anayemiliki nyundo alisema hapana.

Katika maridhiano yaliyofuata lilijengwa jengo la zege liitwalo Sirius, nyumba 79 za kupangisha watu wa kipato cha chini, likakamilika mwaka 1980. Lengo lilikuwa wazi: mtaa ubaki na watu wake. Halikuwa kongwe, na wengi waliliona baya. Baraza la urithi la jimbo lilipopendekeza lilindwe, serikali ilikataa mwaka 2016. Wapangaji waliondolewa, jengo likauzwa mwaka 2019, likageuzwa makazi ya kifahari.

Kwa hiyo leo nyumba kongwe za The Rocks zipo, na Sirius lenyewe zege lake limesimama. Waliopigania mtaa ndio ambao nafasi yao imeondoka. Kwa kadi yetu ya Februari, yaani umri, uzuri, historia na gharama, The Rocks ingepata alama za juu bila kumtaja hata mpangaji mmoja.

Tumebishana kama suala la wakazi lina nafasi kwenye kadi ya majengo. Mhandisi alihofia kwamba tunaingia siasa. Nimesisitiza liingie, na sababu yangu ni ya kiufundi pia: mkazi wa siku nyingi ndiye anayejua kwamba kona ile huvuja upepo ukitoka kusini, na ndiye anayepanda kuusafisha mfereji kabla ya mvua. Ukimwondoa umepunguza jicho moja la kulilinda jengo. Mzee aliniunga mkono kwa kichwa. Limeingia: Nani anaishi au kufanya kazi hapa sasa, na baada ya ukarabati ataweza kulipa kodi?

2 Aprili

Hamburg inatuletea tatizo la kinyume. Speicherstadt, mji wa maghala ya matofali mekundu uliojengwa kuanzia mwaka 1883, umo katika Urithi wa Dunia tangu 2015, na haki yake. Lakini ili upatikane, mitaa ya watu ilibomolewa na takriban wakazi 20,000 wakahamishwa. Kilichokuwa ubomoaji kwao ni urithi kwetu. Sidhani hilo linatupa ruhusa ya kubomoa tena kwa matumaini kwamba wajukuu watapenda tutakachokiweka. Linatulazimu tu kuandika kwenye kadi kilichokuwepo kabla.

Mfano wa pili wa Hamburg ni ukumbi wa muziki wa Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017 juu ya ghala la miaka ya 1960. Kuta za nje za matofali zilibaki, ndani kukatolewa kila kitu, nguzo zaidi zikapigiliwa chini ili kubeba mzigo wa juu. Gharama kwa mji ilipanda hadi euro milioni 789. Ukumbi ni mzuri mno. Ila nisingependa mji usio na fedha za Hamburg uuchukue kama kielelezo cha uhifadhi, kwa sababu kubakiza ganda na kujenga jengo zima ndani yake mara nyingi kunagharimu kuliko njia zote mbili, kutunza au kubomoa. Cape Town walifanya jambo la karibu na hilo kwenye ghala la nafaka la mwaka 1924, ambalo tangu 2017 ni jumba la sanaa la Zeitz MOCAA; pale mirija ya zege ya kuhifadhia nafaka ilichongwa kwa ndani, kwa hiyo anayeingia anaona bado ghala lilikuwa ghala la nini. Naona hiyo ndiyo heshima iliyo bora.

Kadi sasa inatenganisha vitu vitatu: kuta, umbo, ganda. Kamati itatakiwa kutaja inahifadhi kipi. Haitoshi kuandika "jengo litahifadhiwa".

9 Aprili

Bahari. Jopo la kimataifa la tabianchi, katika ripoti yake ya mwaka 2021, linasema wastani wa kimo cha bahari duniani ulipanda mita 0.20 kati ya 1901 na 2018, na kati ya 2006 na 2018 kasi ilikuwa milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa jengo linalotarajiwa kudumu miaka 100 hiyo si habari ya pembeni.

Kuna wanaosema: kama maji yanakuja, kwa nini kutengeneza? Jibu letu lina pande mbili. Jengo jipya mahali pale pale litakutana na maji yale yale, na saruji yake itakuwa imezalisha hewa ya ukaa kabla halijafunguliwa. San Francisco imelielewa hili kwa kuanzia ukuta wa bahari wenyewe: mwaka 2018 wapiga kura waliidhinisha dola milioni 425 kwa ajili ya kuuimarisha, kabla ya kuuliza lipi la juu yake libaki. Ukuta wa bahari ukiwa hauna mpango, kadi haijazwi. Kamati irudi nyuma ianzie hapo.

18 Aprili

Kadi imekaa kwenye karatasi moja kama tulivyoahidi. Umri na uzuri vimesogea upande wa nyuma, na mwanahistoria ndiye aliyependekeza, akisema watu hawahitaji kukumbushwa kuvitazama. Mbele kuna ukuta wa bahari, maji, maji ya ardhini na jirani, kilicho kati ya mlango na maji, watumiaji wa sasa, mtumiaji wa mwaka ujao, dalili ya kwanza na mwaka wake, mihimili ya wakati wa kazi. Chini kabisa kuna mahali pa kuandika kinachohifadhiwa: kuta, umbo au ganda, na kama jibu ni kuvunja, ni nini kitakachobaki wazi kwa umma kuelekea majini.

Bado hatujaafikiana kuhusu mstari mmoja. Mzee anataka jina na saini ya mtu atakayesafisha mifereji ya paa kila mwaka, na anataka kikao kisipige kura mstari huo ukiwa mtupu. Mhandisi anaona kamati zitaandika jina lolote ili kikao kiendelee. Nimependekeza tuweke jina pamoja na fungu la fedha litakalomlipa, kwa namba ya bajeti. Wiki ijayo tunawapa kadi watu watatu wasiojua chochote kuhusu majengo, tuwaone wanakwamia swali gani. Mzee anachora alama za chumvi ukutani kwa penseli, ili anayejaza kichwa cha maji ajue anatafuta nini.